Picha Mbichi Tisa

Tadei Nyagawa hakuwa na shahada. Hakuwa hata na cheti cha kidato cha nne, kwa sababu mwaka ambao wenzake walikaa kwenye mtihani yeye alikuwa Makambako akipakia viazi kwenye malori. Hakuwa na gari. Hakuwa na jino la mbele upande wa kulia, hakuwa na sauti ya kwaya ingawa aliimba kila Jumapili, na hakuwa na ndugu hata mmoja aliyewahi kukaa nyuma ya meza ya serikali kabla yake. Katika miaka thelathini na moja ya kazi hakuwa na barua ya onyo, na hakuwa na mpinzani katika nyanda zote za juu kusini kwa wepesi wa kalamu. Hilo la mwisho alilisema mwenyewe, na waliomjua hawakumbishia.

Kitu kingine alichokosa, na ambacho hakujua kwamba anakikosa, kilikuwa sababu. Aliziba macho ya watoto kila siku ya kazi, na hakuwahi kujiuliza kwa nini yanang'aa.

Mwaka ulikuwa 2079. Kila mtoto aliyetimiza miaka miwili aliletwa Ofisi ya Sura mjini Njombe kupigwa picha ya kadi yake ya kwanza. Kamera ilikuwa na flashi kali, na picha ilitokea palepale juu ya meza ya kioo mbele ya Tadei ikiwa mbichi, kama walivyoiita mafundi, yaani kabla haijaguswa. Tadei aliifuta makamasi, akaituliza nywele, kisha akagusa kila mboni kwa ncha ya kalamu ya umeme ili iwe nyeusi tii. Malango ya shule, ya zahanati na ya treni yalisoma mboni za watu kwenye kadi zao, na mboni yenye mng'ao yaliikataa. Fundi aliyemfundisha kazi, marehemu mzee Kihwelo, alimwachia kanuni moja: "Ukiona taa ndani ya jicho, izime." Tadei alizizima taa za watoto kumi na watano kwa siku, na kalamu yake haikuwahi kutoka nje ya mstari.

Kadi ilikuwa ya kijani au ya njano. Rangi haikuamuliwa na Ofisi ya Sura. Iliamuliwa siku mtoto anapozaliwa, pale tone la damu yake lilipotiwa ndani ya mtambo ulioitwa Mizani, nao Mizani ukasoma jeni zake zote. Kijani maana yake mtoto hakurithi ugonjwa wowote unaojulikana. Njano maana yake amerithi, na hapo ukoo mzima uliandikwa njano pamoja naye. Washenga walikuwa wakiuliza rangi ya kadi kabla ya kuuliza jina la baba.

*

Darasa la watu wazima lilikutana saa kumi na moja jioni katika shule ya msingi, kwenye madawati ambayo magoti ya Tadei hayakuyapenda. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na alikaa mstari wa mbele akiwa amechonga penseli zake mbili tangu mchana. Mwalimu wa sayansi alikuwa Oliva Kihombo, msichana wa miaka ishirini na saba ambaye Tadei alimwamkia kwa "Mwalimu" na yeye akamjibu kwa "Shikamoo, baba."

Jioni ile Mwalimu Oliva alichora baiskeli ubaoni.

"Breki za baiskeli ni ngapi?"

"Mbili," darasa lilijibu.

"Unashuka mteremko wa Ruhuji, moja ikakatika. Inakuwaje?"

"Unafika," alisema mama mmoja muuza viazi kutoka nyuma, "ila unafika huku unasali."

"Na zikikatika zote mbili?"

"Unawatangulia wenzako."

Walicheka wote, na mwalimu akacheka nao, kisha akaandika ubaoni herufi mbili na tarakimu moja: RB1.

"Hii ni breki," alisema. "Jicho la mtoto mchanga bado linajengwa. Seli za pazia lake la nyuma, lile linalopokea picha, zinagawanyika kwa kasi. Kila seli ina jeni hii mara mbili, moja ya mama na moja ya baba, na kazi yake ni kuiambia seli basi, inatosha. Moja ikikatika, nyingine inashika. Zikikatika zote ndani ya seli moja, seli hiyo inashuka mlima haina breki. Inazaa nyingine, na nyingine, na hiyo ndiyo saratani ya jicho ya watoto."

Tadei alinyoosha mkono. Alipenda kunyoosha mkono. "Mwalimu, hizo breki zinakatika zenyewe?"

"Kwa njia mbili, baba. Yuko mtoto anayezaliwa moja ikiwa imeshakatika, amerithi, na ubovu huo uko katika kila seli ya mwili wake, mpaka kwenye damu. Kwake imebaki moja tu ya kukatika, kwa hiyo huugua mapema, mara nyingi macho yote mawili. Huyo Mizani unamwona. Lakini yuko mwingine amezaliwa mzima kabisa. Ndani ya seli moja tu ya jicho moja inakatika breki ya kwanza, halafu, kwa bahati mbaya kubwa, seli ileile au mtoto wake inakatika ya pili."

"Na huyo Mizani unampa rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani na ni mgonjwa?"

"Mizani unasoma damu. Ajali imetokea jichoni, damu haikuwepo. Na hawa wa ajali ndio zaidi ya nusu."

Mwalimu Oliva alitoa mkobani kitabu cha karatasi, kikuukuu, kilichokuwa cha babu yake. Alieleza kwamba alijaribu kuwaletea picha kwenye kioo cha darasa akashindwa, kwani kila picha ya mtu ikipita kwenye mtandao hupigwa sahihisho, na mtoto aliyetaka kuwaonyesha alifika na macho meusi kama ya watoto wengine. Karatasi tu ndiyo haisahihishwi. Akakifungua kitabu na kupita nacho dawati kwa dawati.

Mtoto wa kwenye picha alikuwa anacheka. Jicho moja lilikuwa la kawaida. Katika lile jingine mboni ilikuwa nyeupe, kama kuna mtu ndani amewasha taa na kusahau kuizima.

"Hilo ni kosa la taa," alisema Tadei.

"Kosa la taa, baba?"

"Flashi ikiingia jichoni inarudi. Nyingine nyekundu, nyingine nyeupe. Sisi tunaizima. Mimi mwaka wa thelathini na moja huu naizima."

Mwalimu Oliva alikifunga kitabu juu ya kidole chake ili asipoteze ukurasa. "Pazia la nyuma lina damu," alisema polepole, "ndiyo maana taa hurudi nyekundu. Kukiwa na uvimbe, taa inagonga uvimbe, inarudi nyeupe. Baba Nyagawa, umezima nyeupe ngapi?"

Hapo Tadei alielewa. Kilimwingia kitu kizima kwa mpigo mmoja: breki, seli, damu isiyojua, taa inayorudi, kalamu. Maisha yake yote alikuwa amejifunza vitu vipande vipande, kwa jasho, kama mtu anayejenga nyumba kwa tofali moja kila mwezi, na leo nyumba ilikuwa imesimama mbele yake ina milango na paa. Alitaka kupiga kelele kwa furaha ya kujua. Kisha akakumbuka kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna watoto.

"Sijui ngapi," alisema. "Lakini naweza kujua."

*

Sheria ilitaka picha mbichi zifutwe kabla jua halijazama. Tadei hakuzifuta zote. Zile zilizomsumbua mkono alizichapa kwenye karatasi, mbichi na iliyosafishwa, akazibana pamoja na kuziweka kwenye makopo ya biskuti. Siku ya kustaafu, ambayo ilikuwa imebaki miezi mitano, alinuia kuwaonyesha vijana wa ofisini wajue kazi ni nini. Na hakuna kitu kilichousumbua mkono kama mboni nyeupe. Weupe ulikataa wino. Ilibidi kupaka mara mbili. Kwa hiyo, bila kujua, katika miaka yote hiyo Tadei alikuwa amehifadhi hasa zile zilizopaswa kuonwa.

Jumamosi asubuhi aliyamwaga makopo ya miaka mitatu ya mwisho juu ya meza ya Mwalimu Oliva. Wakaanza kuchambua. Tadei alikuwa anasoma picha upesi kuliko mwalimu, na alilijua hilo, na lilimfurahisha.

"Huyu weka pembeni," alisema. "Macho yote mekundu, nilisumbuka na kope tu."

"Na huyu?"

"Huyu alitazama upande. Taa imegonga mahali pengine."

"Ni kweli. Mtoto akitazama upande, taa inaweza kugonga mzizi wa mshipa wa jicho, ikarudi nyeupe bila ugonjwa. Na mtoto wa jicho pia huleta weupe. Si kila nyeupe ni saratani, baba. Lakini kila nyeupe ni ya kwenda kuangaliwa."

Kufikia saa tano walikuwa na picha tisa. Watoto tisa wanaotazama mbele, jicho moja lenye wekundu, jicho moja jeupe. Kadi zote tisa za kijani. Ya juu kabisa ilikuwa mpya: Lusungu Mligo, msichana, wa Uwemba, aliyepigwa picha siku kumi na moja zilizopita. Tadei alimkumbuka. Alikuwa amekataa kuvua kofia.

"Uvimbe huu ukikaa ndani ya jicho, mtoto anapona," alisema Mwalimu Oliva. "Ukitoka ukafuata mshipa kwenda kichwani, haponi. Tofauti ni miezi. Pengine wiki."

"Basi mimi naenda Uwemba."

"Sasa hivi?"

"Mwalimu, nimechelewa siku kumi na moja."

*

Sesilia Mligo alikuwa akipanga maparachichi kwenye kreti mbele ya nyumba. Salamu za kamwene zilipokwisha, na kiti kilipoletwa, Tadei alieleza alichokuja nacho. Alikieleza vizuri, na baiskeli ndani, na breki ndani. Sesilia alisikiliza bila kuacha kupanga. Tadei alipomaliza, mama yake Sesilia, Bibi Anjelista, alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kadi ya kijani ya Lusungu ikiwa ndani ya fremu.

"Hii ni rangi gani, baba?"

"Kijani, mama."

"Nilidhani huoni vizuri. Mdogo wake Sesilia anaolewa mwezi huu. Jembe la uchumba limeshaletwa, liko pale nyuma ya mlango. Wewe unataka kututia njano kwa habari za baiskeli."

"Sitaki kuwatia rangi yoyote. Nipeni chumba chenye giza na watoto wowote mlio nao."

Bibi alicheka kwa dharau, lakini alikuwa na hamu ya kuona. Waliingia chumba cha kuhifadhia mbegu, wakafunga dirisha. Walikuwamo Lusungu na kaka yake wa miaka mitano. Tadei alichuchumaa umbali wa mkono mmoja, akaiweka tochi kando ya shavu lake, usawa wa jicho lake mwenyewe, kama mwalimu alivyomfundisha.

"Bibi, simama nyuma yangu. Tazama nilipotazama mimi. Wewe kijana, tuangalie."

Macho ya mvulana yalirudisha mwanga mwekundu wa kahawia, kama makaa mawili yanayotaka kuzimika.

"Sasa Lusungu."

Jicho la kulia lilikuwa kaa. La kushoto lilikuwa jeupe. Halikuhitaji kuelezwa. Tadei, ambaye alikuwa ameyaona mamia kwenye kioo, hakuwahi kuona moja likiwa hai, likiifuata tochi inapokwenda.

Bibi Anjelista alishika bega la Tadei. "Hilo nalijua," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Jioni moto ukiwaka linang'aa. Mimi ndiyo maana namwita Kapaka. Mimi nimempa jina kwa ajili ya hilo jicho."

"Na picha?" Sesilia aliuliza mlangoni. "Kwenye kadi jicho ni jeusi. Mimi nimeitazama kadi hii kila siku. Nani alilipaka?"

Tadei alizima tochi. "Mimi."

Nje kreti moja iliteleza na parachichi likadunda chini.

"Kumbe una mkono mzuri," alisema Sesilia. "Kesho asubuhi na mapema. Na wewe unakuja."

*

Lango la kliniki ya macho lilikataa. Lilisoma kadi ya Lusungu, likaandika kwa adabu: KADI KIJANI, JICHO HALIKAGULIWI. Mhudumu aliwaonea huruma, akawaambia kuna njia moja tu. Daktari anaweza kumfungulia mtoto wa kijani akiletewa picha yenye dosari, iliyotiwa saini na afisa wa Ofisi ya Sura mwenyewe, jina na cheo.

"Lakini afisa gani atakuwa nayo?" mhudumu alisema. "Zinafutwa."

Tadei alifungua bahasha. Alijua anachofanya. Kuwa na karatasi ile kulikuwa kosa, na kuisaini kulikuwa kukiri. Aliandika nyuma ya picha: Tadei Nyagawa, mtengeneza sura daraja la kwanza. Aliandika kwa mwandiko wake wa sherehe, wenye mikia.

Daktari, mwanamke mrefu aitwaye Mhagama, alimlaza Lusungu kwa dawa ya usingizi na kutazama nyuma ya jicho kwa chombo chake. Alitoka baada ya nusu saa.

"Upo," alisema. "Mdogo. Haujatoka nje ya jicho. Nani ameuona?"

"Mzee huyu," alisema Sesilia.

"Wewe ni daktari?"

"Ni mwanafunzi," alisema Tadei. "Mwaka wa tatu, shule ya jioni."

Daktari alichukua sindano nyembamba kuliko unywele, akavuta tone la maji ya jicho, akamtoa na damu mkononi, akavipeleka vyote kwenye mtambo mdogo wa kliniki. Siku ya nne aliwaita na kuwawekea matokeo mawili bega kwa bega kwenye kioo.

"Hapa ni jichoni. RB1 ya kwanza imekatika hapa. Ya pili imekatika pale. Na hapa ni damu yake. Tafuteni palipokatika."

Sesilia alitafuta kwa kidole. Bibi Anjelista alivaa miwani akatafuta naye. Tadei alitafuta kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakupata.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna. Sisemi asilimia mia, kwa sababu mara chache ubovu hujificha kwenye seli chache za mwili, kwa hiyo jicho la pili tutaliangalia mpaka akue. Lakini kwa ninachokiona, ajali hii imeanzia kwake na kuishia kwake. Haikutoka kwa mama, haikutoka kwa baba, haikutoka kwenye ukoo. Dawa tunaanza leo. Uhai wake sina wasiwasi nao. Jicho tutaligombania."

Sesilia aliinamisha kichwa juu ya meza ya daktari, akalia kwa mara ya kwanza. Bibi alimpigapiga mgongo huku akimwambia mtu asiyekuwepo chumbani kwamba ukoo wao ni safi na ulikuwa safi tangu zamani. Tadei alitoka nje, akatembea kuzunguka jengo lote mara mbili kwa mwendo wa kijana, kwa sababu furaha ile haikuwezekana kukaa nayo kitini.

*

Lakini kadi ya Lusungu iligeuka njano palepale lango lilipomfungulia, na za ukoo wote pamoja nayo. Ndivyo mtambo ulivyotengenezwa: jicho likikaguliwa, njano kwanza, maswali baadaye. Kuirudisha kijani, hata kwa barua ya daktari, kulichukua siku tisini. Jumatano wajumbe wa upande wa mwanamume walifika Uwemba kwa heshima zote, wakanywa chai, wakachukua jembe lao wakaondoka.

Tadei alizisikia habari hizo akiwa na picha nane mfukoni.

Alizipima wiki nzima. Angeweza kwenda nyumba kwa nyumba na tochi, kimyakimya. Lakini watatu kati ya wanane walikuwa wamehama, na hakujua walipo. Na hata angewapata wote nane, nchini kulikuwa na Ofisi za Sura mia moja na themanini, na katika kila moja alikaa mtu kama yeye, mwenye mkono mwepesi, aliyefundishwa kwamba taa ndani ya jicho huzimwa. Leo hii walikuwa wanazima. Wa kuwasimamisha alikuwa Kamishna Mkuu wa Sura, kule Dodoma, peke yake. Na Kamishna asingeamini neno bila picha, na picha haikuwa ushahidi bila jina la aliyeisaini. Akimwandikia, nyumba nane zitaamka njano bila kuulizwa. Kila akifumba macho aliona majembe nane yakirudishwa.

Alikwenda Uwemba. Sesilia alikuwa amekaa kizingitini, Lusungu mapajani na kibandiko jichoni, mtoto akimvua Tadei kofia na kuijaribu kichwani mwake mwenyewe.

"Nataka kukuuliza jambo, mama Lusungu, na usinionee haya. Siku ile ningekuja nikakuambia mapema: ukimpeleka mtoto, mdogo wako hataolewa. Ungesemaje?"

Sesilia alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu kumfurahisha mtu.

"Ningekufukuza," alisema. "Na mwanangu angekufa ana kadi ya kijani."

"Kwa hiyo wazazi wa wale wanane nisiwaulize?"

"Mimi sijasema hivyo. Umeniuliza mimi ningefanya nini, nimekujibu. Hilo la kwako libebe mwenyewe."

"Jembe liko sokoni," Bibi Anjelista alisema kutoka ndani. "Hata leo nikitaka nanunua mawili. Jicho nilitafute soko gani?"

Siku iliyofuata Tadei aliingia kwa mkuu wa ofisi, Bwana Festo Mgaya, mtu mnene mpole aliyemzidi kwa cheo na aliyezidiwa naye kwa miaka kumi. Festo alikuwa anakunywa chai. Tadei alianza kueleza. Alipofika kwenye makopo ya biskuti, Festo aliinua kiganja.

"Mzee, imebaki miezi minne na nusu upumzike. Tuma bila jina."

"Bila jina ni karatasi ya kufungia karanga."

"Wewe ni mbishi."

"Nimesoma, Mkuu."

Festo alitazama ndani ya kikombe chake. "Watakuja kuniuliza kama nilijua," alisema. "Nitasema sikujua, na mpaka sasa bado ni kweli, kwa sababu hukumaliza kueleza. Chai hii bado nusu. Mimi nikiinywa, huwa simsikii mtu. Nenda posta kabla haijaisha."

Tadei aliketi kwenye meza yake ya kioo, akaisukuma kando picha ya mtoto wa asubuhi ile, mboni zikabaki nyekundu. Alitoa karatasi. Hakutaka kutumia mtandao, kwa sababu sahihisho lingeyapaka macho yote nane meusi kabla hayajafika Dodoma. Alitumia chupa ya wino aliyoachiwa na mzee Kihwelo, ule wa zamani wa kuzibia macho ya picha za karatasi, na kalamu ya nibu.

"Kwa Kamishna Mkuu wa Sura," aliandika. "Mimi Tadei Nyagawa, mtengeneza sura daraja la kwanza, Njombe, nakuletea picha mbichi nane. Nimezihifadhi kinyume cha sheria, na nilizihifadhi kwa majivuno. Ya tisa iko kwa daktari, na maelezo yake yamo humu. Weupe unaouona si kosa la taa. Nilidhani ni kosa la taa, na nimeupaka kwa mkono wangu. Naomba kalamu zote zisimame leo. Naomba watoto hawa wanane watafutwe. Naomba pia ukoo usipewe njano kwa sababu ya ajali iliyotokea ndani ya seli moja ya mtoto, mpaka jicho na damu visomwe pamoja, kwa kuwa wazazi wakiogopa rangi wataficha macho, na watakuwa wamejifunza kuficha kutoka kwetu. Kwa kosa langu niko tayari kuitwa. Kama kuna neno hukulielewa juu ya breki mbili, niite pia, nitakueleza."

Aliisoma tena. Alifikiri kuiondoa sentensi ya mwisho, akaiacha.

Posta ilikuwa tupu. Barua za karatasi zilikuwa zimebaki za mahakama na za wazee. Karani, kijana wa kiume mwenye tai, aliweka bahasha chini ya jicho la mtambo, na mtambo ukawaka taa nyekundu.

"Mzee, humu kuna sura?"

"Nane."

"Mtambo unasema mboni si sahihi." Alisoma tena kioo chake. "Naweza kuzipitisha kwenye sahihisho, sekunde moja tu. Zitafika zikiwa safi."

"Hapana, mwanangu. Safari hii zibaki zilivyo."

"Basi itabidi iende kwa mkono, na lakiri. Na nyuma uandike jina lako kamili, wajue nani wa kumuuliza."

"Ndilo ninalolitaka."

Karani alitafuta lakiri kwenye droo ya chini kabisa, akapuliza vumbi, akaiyeyusha kwa kiberiti. Ilidondoka juu ya ukingo wa bahasha, nyekundu, yenye mng'ao. Tadei aliandika jina lake kamili nyuma yake, akalipuliza mpaka wino ukakauka, akaisukuma bahasha chini ya kioo. Karani akaigonga muhuri na kuitia ndani ya mfuko wa Dodoma.